Kwadi iliyolala miaka inawaka lakini haina nguvu: kabla hujakubali injini ifunguliwe

Swali: Nina kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya silinda moja, sisi 200 hivi, injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa. Ilikaa bandani zaidi ya miaka mitatu bila kuwashwa, na kabla ya hapo ilikuwa nzima kabisa. Sasa inawaka kwa kiki mbili tatu na silensa (mngurumo wa chini bila eksileta) inashika vizuri, lakini eksileta ikipita nusu inakabwa, inaguguma na haiongezi kasi. Mlimani ndiyo kabisa. Nimemwaga petroli ya zamani, nimeweka mpya, nimebadilisha plagi na kuipulizia kabureta dawa ya kopo. Nilipotoa kifuniko cha boksi la hewa ili ipumue, hali ilizidi kuwa mbaya. Fundi anasema ringi na pistoni zimekwisha, tufungue injini. Rafiki anasema niikimbize kwa nguvu, itajisafisha yenyewe. Nimsikilize nani?

Jibu:

Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Naanza na rafiki yako, kwa sababu ushauri wake ndio unaoweza kuiua injini leo hii. Injini ya mipigo miwili haina oili inayorushwa chini ya pistoni kama ilivyo kwenye gari. Oili yake inaingia pamoja na petroli na hewa, inapita kwenye kasha la kranki, inalainisha beringi na ukuta wa silinda, kisha inaungua na kutoka. Ukiwa unachanganya oili tangini, petroli ikipungua na oili imepungua. Na petroli hiyohiyo, inapogeuka mvuke, inapoza pistoni. Kwa hiyo injini inayopata petroli pungufu, ukiikamua mlimani kwa eksileta yote, inapata joto zaidi na ulainishaji hafifu kwa wakati mmoja. Pistoni ya alumini inatanuka haraka kuliko silinda, inashika ukutani, na safari imeishia hapo. Kama ilikuwa na tatizo la jeti (kijitundu cha shaba kinachopimia petroli ndani ya kabureta), sasa ina tatizo la jeti na pistoni iliyochanika. Mpaka tujue inakosa nini, iwashe kwa ajili ya kupima tu.

Sasa fundi wako. Hajasema jambo lisilowezekana, ila amerukia mwisho wa kitabu. Ringi huliwa na kazi, haziliwi na usingizi. Kama kwadi ilikuwa nzima siku ulipoiegesha, swali la kujiuliza ni hili: injini ikilala miaka mitatu, ni vitu gani vinabadilika? Petroli inakauka na kuacha gundi. Mpira unakakamaa na kupasuka. Chuma kinashika kutu. Sponji ya chujio la hewa inaoza. Panya na nyigu wanahamia. Oili inachuruzika mahali pasipotakiwa au inakauka mahali inapotakiwa. Hiyo ndiyo orodha ya washukiwa, na uchakavu wa ringi hauko juu yake. Kutu kwenye ukuta wa silinda iko, na ringi kunata kwenye mifereji yake pia iko, lakini hayo mawili yanapimika bila kufungua kitu.

Basi pima. Tafuta kipimo cha kompresheni cha kufungwa kwa nyuzi kwenye tundu la plagi, si kile cha kukandamiza kwa mkono. Pasha injini kidogo, izime, toa plagi, ivishe waya wake na uilaze igusane na chuma cha injini ili umeme upate pa kwenda. Fungua eksileta mpaka mwisho (wengi husahau hili na kupata namba za kutisha), kisha piga kiki kwa nguvu mpaka mshale usipande tena. Injini nyingi za ukubwa huo zikiwa na afya husoma psi 120 hadi 150, nyingine zaidi. Chini ya 100 ndipo fundi wako anaanza kuwa na hoja. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho, na ujue pia kwamba maeneo ya juu husoma chini kidogo, na kwamba kipimo chenye mpira mrefu usio na vali kwenye ncha husoma chini kwenye silinda ndogo, kwa sababu nafasi ya ndani ya mpira inaongezeka kwenye chumba cha moto.

Ukikuta namba ni ndogo, usikimbilie bado. Mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki kidogo isambae, pima tena. Ikipanda sana, upenyo uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, angalia gasketi ya kichwa na kichwa chenyewe. Halafu kuna zawadi ambayo injini ya mipigo miwili inakupa na ya mipigo minne haikupi: ukifungua bomba la ekzosi, mlango wa moshi unakutazama. Washa tochi, sogeza pistoni taratibu kwa kiki, utaiona pistoni na ringi kwa macho. Mikwaruzo ya wima iliyokolea, mabaka ya kutu, alumini iliyopakaa ukutani, vyote vinaonekana. Zisimamishe ringi mbele ya mlango, kisha zibonyeze taratibu kwa kijiti cha mbao. Ringi nzima inaingia kidogo na kurudi. Isiyocheza imenata, na gundi ya oili ya zamani ndiyo iliyoishika.

Kwa maelezo yako, nadhani kompresheni utaikuta sawa. Sababu yangu ni ile habari uliyoitaja kama jambo dogo: ulitoa kifuniko cha boksi la hewa, ikawa mbaya zaidi.

Kutoa kifuniko kunaongeza hewa. Injini ingekuwa inazama kwenye petroli, iwe kwa choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia) iliyokwama, chujio la hewa lililoziba au boya la kabureta linalofurisha, hewa hiyo ya ziada ingeisaidia, angalau kidogo. Yako ilizidi kukabwa. Maana yake tayari ilikuwa na hewa nyingi kuliko petroli, nawe ukaiongezea. Thibitisha hivi: rudisha kifuniko, peleka kwadi kwenye tambarare, eksileta ifikie pale inapoanza kuguguma, kisha vuta choki kidogo kwa sekunde chache tu. Ikichangamka, hata kwa muda mfupi, ina njaa ya petroli na jambo limekwisha. Ikizidi kuzama, nimekosea upande, na twende kwenye chujio na ekzosi.

Kabla hujashika spana, hata hivyo, fanya jambo moja linaloonekana la kijinga. Inua magurudumu ya nyuma, weka gia huru, yazungushe kwa mkono. Kisha ya mbele. Kwadi iliyolala hushika breki: pistoni za kalipa zinaota kutu, kebo ya breki ya kuegeshea hairudi, mnyororo unakauka mpaka hauzunguki. Injini nzima inaweza kuonekana haina nguvu kwa sababu inavuta breki. Angalia na upepo wa matairi, maana tairi za kwadi hujazwa upepo mdogo sana, mara nyingi psi 3 hadi 5, na miaka mitatu inatosha kuumaliza. Na ukiona resi zinapanda lakini mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi inayoteleza, hata usiiguse kabureta. Wewe umesema inaguguma, kwa hiyo klachi siishuku.

Sasa tufuate petroli kutoka tangini.

Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Ikiwa koki yako hufunguliwa na mvuto wa injini, iweke kwenye nafasi ya kupitisha moja kwa moja, kama inayo. Petroli itoke kwa mkondo ulionyooka na iendelee hivyo kwa dakika nzima huku kifuniko cha tangi kimefungwa. Hapo kwenye kifuniko ndipo watu wanapojikwaa. Kina tundu dogo la kuingizia hewa, na vumbi au mdudu mmoja anatosha kuliziba. Tangi lisipoingiza hewa, petroli inatoka vizuri mwanzoni kisha inafifia. Ukifungua kifuniko ukasikia kikivuta hewa, umempata mwizi. Dalili yake barabarani ni kwadi inayokwenda vizuri dakika chache za mwanzo, inakata, ukiiacha ipumzike inafufuka.

Mkondo ukiwa hafifu hata kifuniko kikiwa wazi, mwaga tangi, toa koki yote. Juu yake, ndani ya tangi, kuna kichujio cha wavu mwembamba, na kwenye tangi la chuma lililokaa tupu utakuta kimevaa kutu. Ulisema umeweka petroli mpya. Ni vizuri, lakini petroli mpya ndani ya tangi lenye uchafu inausafirisha tu mpaka kabureta. Ikiwa petroli ya zamani ilikuwa na ethanoli, nayo inavuta unyevu wa hewa. Ukizidi, maji na ethanoli vinajitenga na kuzama chini ya tangi, mahali hasa koki inapochota.

Mkondo ukiwa mzuri, ndio tunafika kwenye kabureta, na hapa sina budi kuwa mkali kidogo. Kupulizia dawa ya kopo kupitia mdomo wa kabureta si kusafisha kabureta. Kunasafisha mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Petroli iliposimama miaka mitatu ilikaukia ndani ya bakuli la chini, na jeti kubwa ndiyo inayokaa pale chini, imezama kwenye gundi yenyewe. Dawa uliyopuliza juu haikuifikia, au iliipitia kwa haraka.

Tazama jinsi dalili zako zinavyolingana na hilo. Kuanzia silensa hadi robo ya eksileta, petroli inatoka hasa kwenye jeti ndogo na kurekebishwa na skrubu ya hewa. Kuanzia robo hadi robo tatu, kazi ni ya sindano inayoning'inia kwenye slaidi (kile kipande kinachopanda ukivuta eksileta) na bomba lake. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Mipaka hiyo inaingiliana, lakini inatosha kutuongoza. Silensa yako ni nzuri, basi jeti ndogo iko wazi, na hilo lenyewe ni bahati, maana tundu lake huwa chini ya nusu milimita na ndilo huziba kwanza. Inaanza kukabwa nusu na kuendelea. Jeti kubwa, bomba la sindano, au kiwango cha petroli kwenye bakuli: nenda huko.

Toa kabureta nje. Piga picha kila hatua. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka iguse chini huku ukihesabu mizunguko, uandike. Kwa kawaida ni kati ya mmoja na miwili na nusu. Fungua bakuli, toa jeti kubwa, toa bomba la sindano linaloshikwa nayo, toa jeti ndogo pia ingawa haina kesi. Inua kila jeti uelekee mwanga. Jihadhari hapa: jeti kubwa inaweza kuonyesha mwanga na bado ikawa mbovu, kwa sababu gundi imeivisha ndani pande zote na tundu limepungua. Unataka kuona duara safi lenye kingo kali. Bomba la sindano mara nyingi lina matundu madogo ubavuni, kila moja lazima lionekane. Loweka sehemu za shaba kwenye dawa ya kabureta usiku mzima, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Zile mashine za kusafishia kwa mawimbi ya sauti zinafanya kazi hii vizuri zaidi ya mkono wowote, ukipata fundi aliye nayo mpelekee. Waya wa chuma weka mbali. Shaba ni laini, na jeti iliyokwaruzwa si jeti ya namba ile tena. Ujanja wa nyuzi za brashi laini ya nailoni unatosha. Mipira yote, pamoja na boya la plastiki, toa kabla ya kuloweka.

Ukiwa ndani, angalia vali ya boya. Ikinata, bakuli linajaa pole pole. Kwenye silensa hutatambua, kwa sababu matumizi ni madogo, lakini nusu ya eksileta injini inanywa haraka kuliko bakuli linavyojaa, nawe utaona hasa hiki unachokieleza. Baadhi ya kabureta zina kichujio kidogo sana juu ya vali hiyo, kilichojificha mahali ambapo hata mafundi wazoefu hukipita. Pima urefu wa boya kwa kipimo cha kitabu. Na sindano yenyewe, hakikisha klipu yake iko kwenye mfereji na haijashuka.

Kuna jambo moja nakuomba usifanye: kununua jeti kubwa zaidi ili kufidia. Nimeona watu wakilifanya na kwadi ikapata nafuu kweli. Lakini ikiwa njaa inatokana na hewa inayoingia pasipofaa, jeti kubwa inaficha tundu, na tundu linaendelea kupanuka. Vilevile usiongeze oili kwenye mchanganyiko ukidhani unailinda injini. Jeti inapitisha ujazo ule ule. Oili ikizidi ndani yake, petroli imepungua.

Hewa ya wizi ndiyo mada inayofuata, na hata kama kabureta itaondoa tatizo lote, usiiruke. Injini ya mipigo miwili inatumia kasha la kranki kama pampu. Kila upenyo kwenye kasha hilo unaingiza hewa isiyopita kwenye kabureta. Miaka mitatu ya kukaa inaathiri kwanza mpira unaounganisha kabureta na silinda: ukunje kwa vidole, nyufa zinajitokeza chini ya mkunjo. Nyuma yake kuna ridi, vile vipande vyembamba vinavyofunguka kuingiza mchanganyiko na kufunga usirudi. Toa kizimba chake, kitazame dhidi ya mwanga. Kipande kilichochanika kona, kilichopinda au kilichoshikiliwa wazi na makombo ya sponji ya chujio kinatosha kuifanya pampu iwe dhaifu. Na kama umekuta makombo ya sponji hapo, sponji imeoza. Itupe, usiioshe.

Kisha sili za kranki, kushoto na kulia. Mdomo wa mpira ulikaa mahali pamoja juu ya chuma kwa miaka mitatu, ukakakamaa, na pengine chuma kikaota kutu chini yake. Injini ilipoanza kuzunguka, kutu ikaulamba. Sili ya upande wa magneti ikivuja, inaingiza hewa kavu: resi hazishuki haraka ukiachia eksileta, silensa inapanda yenyewe injini ikipata moto. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe mzito usioisha, harufu tofauti na oili ya kawaida, na kiwango cha oili ya giaboksi kinashuka ingawa hakuna tone chini. Huna dalili hizi kwa ulivyoandika, na silensa thabiti inanipa moyo, kwa sababu hewa ya wizi huonekana zaidi pale injini inapohitaji hewa kidogo. Lakini mimi singeipeleka mlimani kabla ya kuipima.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko kinavyosikika. Ziba mlango wa ekzosi kwa kipande cha mpira kilichobanwa na bati. Ziba njia ya kabureta kwa kizibo chenye vali. Plagi iwe imefungwa. Shusha pistoni chini ili milango ya ndani iwe wazi, silinda na kasha viwe chumba kimoja. Tia upepo kwa pampu ya mkono mpaka psi 6, usizidishe, na kamwe usitumie kompresa, kwani upepo mkubwa unaweza kuzisukuma sili zitoke. Ukishuka kwa zaidi ya psi 1 kwa dakika, kuna upenyo. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, chini ya silinda, kwenye mpira, kisha fungua kifuniko cha magneti upake na sili. Povu litakuonyesha. Wapo wanaopulizia dawa inayowaka kwenye maungio huku injini ikinguruma wasikilize resi zinavyobadilika. Inafanya kazi, na kwenye ekzosi yenye moto imechoma vyombo pia. Sabuni haichomi mtu.

Ukikuta sili imevuja, badilisha zote mbili kwa pamoja. Kwenye injini nyingi hutolewa na kurudishwa kwa nje bila kupasua kasha, ila kwanza mwulize anayeijua injini yako, maana nyingine zina sili yenye ukingo ulioshikwa ndani. Ute wa silikoni juu ya sili iliyochoka si tiba, hata fundi akikuapia.

Ekzosi siishuku sana kwa sababu ya kile kipimo cha kifuniko, lakini umeshaifungua kutazama ringi, kwa hiyo imulike. Panya huingia na majani, nyigu huziba ncha kwa udongo, na oili ya miaka mingi inalowesha pamba ya silensa ya bomba mpaka moshi hauna njia. Usiendeshe bila silensa hiyo ukitafuta jibu. Bomba la mipigo miwili limepimwa kurudisha wimbi la shinikizo kwenye silinda, na ukilikata unavuruga kila kitu, pamoja na uwiano wa petroli.

Upande wa umeme, sikio lako ndilo kipimo. Petroli inapokosekana injini inazama, sauti inakuwa nzito na pana, kama inavuta blanketi. Umeme unapokatika, inakata kwa ukali, inapiga misi za ghafla, inarudi ghafla. Ukisikia ya pili, safisha kwanza waya wa athi unaofungwa kwenye fremu na soketi zote, kisha swichi ya kuzimia, kabla hujalaumu koili. Hukutaja kampuni, ila sisi 200 ya kupozwa kwa hewa inanikumbusha Yamaha Blaster, iliyoanza kuuzwa 1988. Hiyo, pamoja na ndugu yake Banshee ya 1987, ilitoka na mfumo wa usalama uitwao TORS: swichi moja kwenye kitufe cha kidole gumba, nyingine kwenye kabureta. Mfumo ukiona umeachia kitufe lakini slaidi haijarudi, unakata moto ili kwadi isikukimbie. Kebo ikilegea au swichi zikiota kutu, mfumo unadanganyika na kukata moto wakati wewe umekanyaga safari. Rekebisha ulegevu wa kebo, safisha swichi. Wengi huung'oa tu. Sishauri, hasa kwa chombo kilicholala, maana slaidi inayonata ni moja ya mambo yanayotokea baada ya kulala, na hapo ndipo mfumo ule unapohitajika.

Ikiwa kwadi yako ina pampu ya oili badala ya kuchanganya tangini, sikiliza hili kabla ya kuiwasha tena. Mpira wa oili unaweza kuwa na hewa ndani, na pampu inayosukuma hewa hailainishi. Toa hewa kwa skrubu ya pampu mpaka oili itoke bila mapovu. Na kwa tangi la kwanza, changanya oili kwenye petroli pia, hata kama pampu inafanya kazi. Itatoa moshi, iache itoe. Kwa uwiano wa 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinahitaji mililita 156 za oili. Kama huna pampu, tumia uwiano ulioandikwa na mtengenezaji: wa 40 kwa 1 ni mililita 125 kwa lita 5 hizohizo. Tumia oili ya mipigo miwili tu, si ya gari.

Ukishafunga kila kitu, usiirukie mlima. Endesha robo ya eksileta, kisha nusu, kwa vipindi vifupi, ukisikiliza. Plagi ifunguliwe injini ikiwa bado ya moto: kaure (ile sehemu kama kigae kwenye ncha ya plagi) ya rangi ya kahawia inaridhisha, nyeupe kavu inasema bado kuna njaa, nyeusi yenye majimaji inasema umevuka upande wa pili. Vipande vidogo vinavyong'aa vya alumini kwenye kaure ni amri ya kuzima hapohapo. Kumbuka tu kwamba plagi iliyotumika muda mrefu kwenye silensa haisemi lolote kuhusu eksileta kubwa. Isome baada ya kuendesha.

Mwambie fundi wako matokeo ya kompresheni kabla ya kuzungumza naye habari ya kufungua. Ikisoma 130 na ringi zinacheza kwenye mlango wa ekzosi, hana cha kufungua. Ikisoma 85, na oili ikaipandisha, yuko sahihi, na hapo usibadilishe ringi peke yake juu ya silinda yenye mabaka ya kutu: silinda ipimwe, ichongwe saizi inayofuata kama inahitaji, ipate pistoni ya saizi hiyo.

Na ikiwa utafika mwisho wa haya yote na bado inaguguma, niandikie namba ya kompresheni, upepo ulishuka kiasi gani kwa dakika, choki ilifanya nini pale inapokabwa, rangi ya plagi, na namba iliyochorwa kwenye jeti kubwa.